Sahani ya Dorsila

Dorsila Aluoch, miaka arobaini na saba,
mkaangaji wa migongo ya mbuta, Obunga, Kisumu.
Ndivyo fomu inavyosema. Fomu haisemi
kwamba mwiba uliingia chini ya kidole gumba
mafuta yakichemka, wateja wamejipanga,
naye akapanyonya, akatema, akaendelea kugeuza.

Siku ya tatu mkono ukawa wa mtu mwingine.
Akatuma mtoto dukani: lete zile za rangi mbili.
Nne tu, hela iliishia hapo.
Mbili akameza kwa strungi.
Mbili akazifungua kama njugu
na unga akaunyunyiza juu ya kidonda,
jinsi mama yangu alivyonifanyia kule Emuhaya,
nami nikapona, sijui kwa nini.

Siku ya tisa, pamba yenye usaha ikanifikia mimi.

Nikaipaka kwenye sahani ya damu ya kondoo,
nikaifungia ndani ya kiatamizi,
mashine inayolalia mayai yasiyo ya kuku,
joto lake joto la kwapa la mtoto.
Nikaenda kulala. Bakteria hawakulala.
Mmoja huwa wawili kabla ugali haujaiva,
wawili wanne, wanne wanane,
hakuna posa wala mahari.
Alfajiri walikuwa ukoo mzima:
madoa ya dhahabu, mazuri, Mungu anisamehe.
Nikawatandaza upya kwenye sahani ya pili,
juu yao karatasi sita ndogo za mviringo,
kila moja imebeba dawa yake.

Mwanangu aliwahi kuniuliza, dawa inawaonaje?
Nikamwambia: kila mmoja wao ana ukuta
na haachi kuujenga.
Kuna dawa inayoingia katikati ya waashi.
Haibomoi kitu. Inawashika mikono tu.
Tofali halishikani na tofali, maji yanaingia,
nyumba inapasuka.
Mwili wako hauna ukuta wa namna hiyo,
kwa hiyo dawa inakupita kama mgeni asiyekujua.
Na mafua? akauliza.
Mafua hayana nyumba, yanapanga chumba ndani yako.
Dawa itapiga hodi kwa nani?

Leo asubuhi nimefunua.
Kandokando ya karatasi ya tatu, uwanja mtupu,
kama ua wa vifaranga kivuli cha mwewe kikipita.
Nimepima kwa rula: milimita ishirini na mbili.
Kandokando ya karatasi ya kwanza,
ile ya jamaa ya rangi mbili,
hakuna uwanja. Wamesogea hadi ukingoni,
wameiegemea kama walevi kaunta.

Nani aliwafundisha? Si Dorsila peke yake.
Kapsuli nne hazisomeshi darasa zima.
Ni nusu dozi za miaka na miaka,
ni kuku wanaotiliwa dawa kwenye maji ya kunywa,
ni mtaro, ni mkono kwa mkono.
Wanyonge hufa kwanza. Walioponyoka ndio huzaa,
na siri ya kuponyoka humpa hata jirani
asiye wa ukoo.

Nimeandika matokeo: hii haifai, hii inafaa.
Kalamu ikasita kwenye mstari wa maoni.
Ndani ya droo yangu, chini ya kitabu cha zamu,
kuna kapsuli saba kwenye karatasi yake ya fedha.
Za jino, mwezi wa nne.
Siku ya tatu maumivu yaliisha, nikasema basi.
Mimi, mwenye koti jeupe.

Huko wodini Dorsila anauliza kama atakatwa mkono.
Sijui. Nimepiga simu: badilisheni dawa, leo, si kesho.
Sista Khakasa amejibu, anatafuta mshipa.

Nimeitia sahani kwenye mtungi wa mvuke.
Dirishani, upande wa Obunga, moshi wa mafuta unapanda;
mtu ameishika sufuria yake.
Nimepiga simu tena.
Sista, mwambie azimalize zote.
Mwambie, hata akipona.